Mikate Kumi ya Loris

Mwalimu Ubaldo alikuja kuomba mikate ya mwanangu Jumanne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi nasugua bomba la moshi. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Alisimama chini, kofia mkononi, akingoja nishuke. Sikushuka.

"Armida, nina ombi," akasema.

"Sema tu, nasikia."

"Ni kuhusu makumbusho."

Makumbusho yenyewe ni shule yetu ya zamani. Ilifungwa mwaka ule watoto walipobaki wanne, na Ubaldo, aliyefundisha mle miaka thelathini na sita, hakuwahi kurudisha funguo. Alipostaafu aliunda Chama cha Urithi cha Cresmalo, mji wetu, akawa anapita nyumba kwa nyumba akikusanya mapanga ya kukatia nyasi, viatu vya mbao, ndoo za kukamulia. Sisi wa Mtaa wa Juu tulimpa vitu tulivyochoka kujikwaa navyo ghalani. Nilidhani amekuja kutafuta kingine cha aina hiyo.

"Nataka mikate ya Loris," akasema. "Yote kumi. Nitaiweka kwenye uchaga, vilevile ilivyo kwako, chumba cha kwanza mtu anapoingia. Katika bonde zima hakuna nyumba nyingine iliyotunza. Nimeuliza kila mahali."

Niliingiza brashi tena bombani, nikasugua mahali nilipokwisha kusugua.

"Nitafikiri," nikamwambia.

"Ufunguzi ni Jumapili ya wiki ya tanuri."

"Nimesema nitafikiri, Mwalimu. Na usisimame hapo, masizi yanakuangukia."

Akaondoka akipangusa bega. Ni mtu mwema, ila akishaona kitu cha kale hawezi kuona kingine chochote.

Mtaa wa Juu tunaoka mara moja kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Desemba. Tanuri ni moja, la wote, na likishapata moto haliachwi lipoe mpaka nyumba zote saba zimemaliza. Mkate wetu ni mweusi, wa rai, nafaka pekee inayokubali baridi hii, na ukishakaa uchagani mwezi mmoja huwezi kuukata ila kwa kisu kilichofungwa bawaba kwenye ubao. Kila nyumba ina muhuri wake wa mbao, maana karibu wote tunaitwa Bordiga na jina halimsaidii mtu kujua mkate ni wa nani. Sisi ni Nyumba ya Ngazi. Muhuri wetu una mistari miwili mirefu na vipandio vitatu, na umechongwa kwa mti wa peasi tangu enzi za babu wa babu wa mume wangu.

Mtu wa nyumba akiwa mbali, naye huokewa mkate. Wake hupigwa muhuri mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na huwekwa juu kabisa ya uchaga. Zamani walikuwa wengi: waliokwenda kuchimba makaa Ubelgiji, waliokwenda kuosha vyombo kwenye hoteli za Ufaransa kila majira ya baridi, waliochukuliwa na jeshi. Akirudi, anaukata mwenyewe.

Loris hakwenda Ubelgiji. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikwenda kuteremsha mbuzi.

Utabiri ulisema theluji ingeanguka Ijumaa. Nilimwambia, nenda Alhamisi ukawateremshe, tusije tukahangaika. Theluji ilianguka Alhamisi saa nane mchana, na haikuacha kwa siku mbili. Mbuzi kumi na wawili walishuka wenyewe Jumamosi asubuhi, wakasimama mbele ya zizi wakisubiri kufunguliwa. Waokoaji walitafuta siku sita. Ercole wa Nyumba ya Shoka ndiye aliyewaongoza. Siku ya sita poromoko la theluji lilikosa watu wake wawili kwa hatua chache, akasimamisha kazi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Nilimwambia, tena mbele ya watu, pale uwanjani. Sidhani alinisikia.

Desemba ile niligonga muhuri mara mbili bila kumuuliza mtu. Chini ya mkate nikaandika mwaka kwa penseli, kwa sababu mimi huandika mwaka kwenye kila kitu, hata chupa za nyanya. Mwaka uliofuata nikaoka wa pili, nikauweka kando ya wa kwanza. Na wa tatu. Hakuna aliyeniuliza kitu nyumbani. Egidio, mume wangu, huendesha gari la kusukuma theluji barabarani na ni mtu wa maneno machache hata siku ya harusi. Mama yake, Genoveffa, anakaa kwenye kiti chake kando ya jiko na anaona kila kitu.

Sikuwa namngoja Loris. Hilo nataka lieleweke. Mimi si mtu wa kungoja. Nina diploma ya upimaji, nafanya kazi ofisi ya mji, na ni mimi ninayewasaidia watu kujaza fomu wanapotaka mahakama itangaze kwamba ndugu yao aliyepotea amekufa. Sheria inataka miaka kumi. Chumba chake nilikigeuza cha kukaushia nguo mwaka wa pili. Viatu vyake vya mlimani alipewa mtoto wa dada yangu. Egidio alipouza mbuzi sikumzuia. Ni ile mikate tu.

Alhamisi Ubaldo alirudi. Safari hii hakunijia mimi. Alikuja kwa Mama Genoveffa, na karatasi mkononi, kwa kuwa Mama ndiye mtu mzee kuliko wote Mtaa wa Juu na Chama hakiandiki kibao cha maelezo bila kumsomea. Mama ana miaka themanini na tisa na masikio anayoyatumia akitaka.

Mimi nilikuwa mezani namenya viazi.

"Nisomee polepole," Mama akamwambia. "Wewe huwa unakimbia kama uko darasani na kengele imeshalia."

Ubaldo akakohoa, akasoma. Mwanzo ulikuwa mzuri: tanuri, mihuri, kisu cha bawaba. Kisha akafika kwenye mkate wa aliye mbali.

"'Kila mwaka ambao mwana wa nyumba hajarudi,'" akasoma, "'mkate mpya huongezwa kando ya ile ya zamani, na hakuna anayeigusa.'"

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hayo kakwambia nani?"

"Sikuambiwa, Mama Genoveffa, nimeona kwa macho yangu. Si ile pale juu ya uchaga wenu? Ipo kumi."

"Hiyo si desturi," Mama akasema. "Huyo ni mkwe wangu."

Kisu changu kilisimama kidogo, kikaendelea.

Ubaldo alinitazama, akamtazama Mama, akatazama karatasi yake kama mtu aliyekuta kosa kwenye daftari lake mwenyewe. "Basi desturi ikoje?"

"Wewe ni wa Mtaa wa Chini, huwezi kujua. Nyinyi mlikuwa mnanunua kwa mwokaji kama mabwana." Mama akavuta shali mabegani. "Mkate wa mtu haukai zaidi ya mwaka. Mkesha wa kuoka unashushwa, nyumba nzima inakaa mezani inaula, kesho yake anaokewa mwingine. Mjomba wangu alikaa Ubelgiji miaka kumi na mitano. Unadhani tulikuwa na mikate kumi na mitano juu ya uchaga? Tungeweka wapi ya kwetu?"

"Na asiporudi kabisa?"

"Unagawiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa nyumba zote za tanuri. Mwenye msiba anapeleka mwenyewe, na kila nyumba inakula mbele ya macho yake. Hapo basi, mtu amezikwa, mwili uwepo usiwepo."

Ubaldo alikuwa ameshatoa kalamu. Alikuwa anaandika kwa furaha, na nilimchukia kwa muda mfupi, kisha nikaacha, kwani alikuwa anafanya kazi yake.

"Mama, inatosha," nikasema.

"Haijatosha. Nimenyamaza miaka kumi, sasa mtu anataka kutia ukimya wangu kwenye fremu." Akamgeukia Ubaldo. "Mwalimu, nenda nyumbani. Utaandika wiki ijayo."

Akaenda. Niliosha viazi, nikaviweka motoni, nikapangusa meza. Mama alikuwa ananifuata kwa macho toka sinki mpaka jiko, toka jiko mpaka meza.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

Ningekosaje kujua? Mwaka nilioolewa hapa Egidio alikuwa jeshini, na mkesha wa kuoka nilikaa meza hii hii nikala mkate wake pamoja na mama yake na baba yake, na baba yake akanitania kwamba nimeshaanza kumla mume. Najua inavyofanywa. Mwaka ule wa kwanza wa Loris mkesha ulipofika nilisema nitaushusha mwakani. Mwaka uliofuata nilisema vivyo hivyo. Halafu nikaacha kusema.

"Hakuna mwili, Mama."

"Na Attilio je? Tulimleta kwa treni?"

Attilio ni kaka yake, aliyepelekwa vitani Urusi. Picha yake iko kanisani pamoja na za wengine kumi na wanane wa mji wetu, wote na kofia zenye unyoya za wanajeshi wa milimani. Mama hakuwa na mazoea ya kumzungumzia.

"Tulikula mkate wake mikesha mitatu," akasema, "na mara tatu mama yangu akagonga mwingine. Mwaka wa arobaini na sita akaja mtu wa bonde la pili. Alitembea siku nzima kutuambia. Alisema alimpita Attilio amekaa kando ya barabara kwenye theluji, amevua glavu zake, anacheka. Alimwita, akacheka tu; baridi ikishamshika mtu hivyo, hainuki tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akampa supu. Akamwongeza supu. Mtu alipoondoka akachukua kikapu, akaniambia nibebe, nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulizunguka nyumba kumi na tisa. Siku hizo zilikuwa kumi na tisa."

"Na wote walikula?"

"Wote isipokuwa Zelinda, mchumba wake. Mlangoni alisema ameshiba." Mama akakohoa kwenye shali. "Kwangu mimi amekufa juzi juzi tu, mwaka wa tisini. Unamkumbuka. Alikuwa bado ameshiba."

Nilimkumbuka. Alikuwa na nguo moja nzuri ya buluu iliyopitwa na wakati, na kila basi la jioni likiingia alikuwa dirishani.

"Armida," Mama akasema, "mimi nitakufa. Si leo, leo nina kikohozi tu. Lakini nikishakufa nani atakwambia haya? Mwalimu? Yeye atakuwekea kioo na taa. Watu watashuka kwenye basi la utalii, watakusogelea, watasoma. Umemkalisha mtoto juu ya uchaga miaka kumi. Mshushe."

Sijui Egidio alikuwa amesimama mlangoni muda gani. Theluji kwenye buti zake ilikuwa imeshaanza kuwa maji. Alikwenda ghalani, akarudi na kigoda, akakiweka chini ya uchaga, akapanda, na mkono wake ulipofika juu ukakaa hapo hapo, hewani, kama mkono wa mtu anayesimamisha gari.

"Shuka," nikamwambia. "Utaangusha yote."

Nikapanda mimi.

Nilianza kuishusha mmoja mmoja nikimpa Egidio. Vumbi lilikuwa limeganda katikati ya mistari ya ngazi. Mama akatikisa kichwa.

"Mmoja tu. Ule wa kwanza. Ndio wa Loris."

"Na hii tisa?"

"Hiyo tisa ni yako. Utaila mwenyewe."

Kisu cha bawaba kilikataa. Ubao wenyewe ulinyanyuka mezani kabla mkate haujakatika. Egidio alileta msumeno wa chuma, akauosha kwa maji ya moto, akaupangusa vizuri, na tukaukata mkate wa mwanangu kwa msumeno, mimi nikiushika, yeye akivuta, vipande saba. Unga wake mweusi ulimwagika juu ya meza kama unga wa mbao. Kipande chetu tulikila kwanza, sisi watatu, kila mtu chembe ya ukubwa wa ukucha iliyochovywa kwenye divai. Kilikuwa na ladha ya dari, ya vumbi na moshi. Egidio alitoka nje kabla hajamaliza kutafuna. Nilimwangalia dirishani mpaka nikamwona koo likishuka. Sheria ni sheria.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikachukua kikapu.

Nilipanga njia kama ninavyopanga siku ya kupima mashamba, kutoka karibu kwenda mbali, nisirudi njia moja mara mbili. Nyumba ya Reki, wale dada wawili walikula wamesimama, wakiwa wameshavua aproni. Mkubwa, Palmira, aliniambia, "Tulikuwa tunasema hutakuja tena." Hakusema kwa ubaya. Nyumba ya Mwezi siku hizi ni ya mume na mke kutoka Milano, wanafanya kazi kwenye kompyuta na wamefuga paka wanne. Mke aliniuliza kama ni kwa ajili ya sikukuu. Nikamweleza, maneno manane au tisa, sikuhitaji zaidi. Mume akazima redio. Walikula bila divai, kwa sababu sikuwahi kuwaambia kwamba divai inaruhusiwa, na yule mke alinishika mkono akakaa nao, mpaka ikabidi nimwambie nina nyumba nyingine.

Nyumba ya Kengele. Nyumba ya Njiwa. Nyumba ya Uma, ambako mzee Fulgenzio hana jino hata moja na alimumunya kipande chake robo saa nzima, huku akinisimulia jinsi Loris alivyomvunjia kioo kwa mpira na akakataa kukimbia. "Akasimama pale pale," akasema. "Akaniambia, ndiyo mimi. Nikakosa hata la kumgombeza."

Hiyo sikuwa nimewahi kuisikia.

Ya mwisho ilikuwa Nyumba ya Shoka, juu kabisa, mahali barabara inapokwisha. Ercole alikuwa kwenye karakana yake ananoa msumeno wa mnyororo. Anaishi peke yake. Aliona kikapu, akaendelea kunoa meno mawili zaidi, kisha akaweka tupa chini.

"Nimesikia unazunguka," akasema.

"Basi unajua."

"Najua. Mimi sili, Armida."

"Ni chembe, Ercole. Kama ukucha."

"Si ukubwa. Sili." Akapangusa mikono kwenye suruali, upande huu na upande huu. "Nikila nitakuwa nimeacha kutafuta."

"Uliacha siku ya sita. Ulifanya vizuri."

"Niliwaambia wengine waache."

Akasogea pembeni, nikaona ukuta wa nyuma. Palibandikwa ramani yangu. Niliichora kwenye ofisi ya mji usiku ule wa kwanza, mlima mzima umegawiwa miraba mia mbili na kumi na miwili, kila mmoja na namba yake, kwa mwandiko wangu, nikampa ili waokoaji wasipite mahali pamoja mara mbili. Nilidhani imeshatupwa zamani. Alikuwa ameifunika kwa plastiki, na miraba ilikuwa na alama nyekundu, safu baada ya safu, na kando ya kila alama tarehe. Julai. Agosti. Agosti. Septemba. Kila mwaka, miaka kumi, siku zake zote za mapumziko.

Nilisimama nikaisoma. Kulikuwa na kiti lakini sikukitaka.

"Imebaki arobaini na mmoja," Ercole akasema nyuma yangu. "Ile migumu. Mwakani theluji ikiondoka mapema naweza kupita kumi, kumi na miwili. Miaka minne, Armida. Halafu njoo na kikapu chako, nitakula."

"Unajua kwa nini ni mia mbili na kumi na miwili?"

"Kwa sababu ndio mlima."

"Kwa sababu ndipo karatasi ilipoishia. Mashine yetu ya kuchapa ramani ilikuwa inatoa karatasi ya ukubwa ule tu. Mlima unaendelea, Ercole. Hapa kulia unaendelea, na hapa juu unaendelea mpaka upande wa pili. Ukimaliza hiyo arobaini na mmoja utakuja kwangu useme nichore mingine, na mimi nitachora. Najijua. Nitachora vizuri kabisa na namba zake."

Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kazi.

"Unaniambia nimepoteza miaka kumi," akasema baadaye.

"Mimi nimeoka mikate kumi. Tusianze kupimana."

"Mimi ndiye niliyesimamisha."

"Na mimi ndiye niliyemtuma." Nilikuwa nimelisema hilo mara nyingi, kwa mapadri na kwa polisi, limekuwa laini kwa kutumika. Kwa hiyo nikasema lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Egidio. "Hakutaka kwenda. Alikuwa na miadi na kinyozi siku ile, alikuwa anakwenda harusini Jumapili. Alisema, Mama, Ijumaa alfajiri nitakwenda, naapa. Nikamwambia mbuzi hawajali nywele zake. Akacheka, akavaa viatu. Ndivyo alivyotoka, Ercole. Anacheka, na nywele zimemfunika masikio. Sasa kula."

Ercole alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Ni mtu mkubwa, na kukaa kwake kulichukua muda. Akanyoosha kiganja, si kwa namna mtu anavyoomba, bali kama anavyonyoosha kwa daktari. Nikamwekea kipande chote, kwa sababu sikuweza kuvunja chembe kwa vidole. Akajaribu kwa meno ya mbele, ikashindikana. Akajaribu ya pembeni. Nikasikia mkate ukivunjika kama jiwe la chokaa.

Alitafuna muda mrefu sana. Nilikuwa na chupa ndogo ya divai kikapuni, nikampa, akaikataa kwa kichwa. Machozi yalimtoka wakati anatafuna, na hakuyafuta, alikuwa na kazi. Mimi nilisimama mbele yake nikimtazama mdomo, kama nilivyokuwa nikimtazama Loris akinywa dawa ya minyoo, mpaka akameza.

"Basi," nikasema.

"Basi," akasema.

Nilipofika kona ya kwanza nilisikia msumeno ukianza tena kunolewa, polepole.

Wiki iliyofuata tanuri liliwashwa na Nyumba ya Ngazi haikuoka. Nilikwenda kuwasaidia wengine kubeba mbao za mikate, nikaambiwa naharibu mpangilio wao, nikarudi nyumbani. Jumapili Ubaldo alifungua makumbusho yake. Uchaga aliupata Nyumba ya Kengele, na kibao amekiandika sawasawa, nimekisoma, amekosea tarehe moja tu na nimemwambia. Ubao wa juu wa uchaga ameuacha mtupu. Alitaka kunieleza kwa nini, nikamwambia naelewa, Mwalimu.

Ile tisa tuliila. Miwili ilikuwa imeingiwa na wadudu, hiyo nikaitia motoni. Iliyobaki saba niliiloweka kwenye maziwa ya moto, mmoja mmoja, kwa kufuata miaka, mabakuli matatu kila asubuhi. Mama alikula pamoja nasi mpaka wa mwaka wa tano. Alikufa Februari, kwenye kiti chake, baada ya kahawa, na siku ya tatu tukamzika makaburini, mahali panapojulikana, na jina lake juu. Egidio na mimi tukaendelea wawili.

Wa mwisho ulikuwa wa mwaka uliopita. Ulikuwa bado na harufu ya tanuri, na maziwa hayakuhitaji muda kuulainisha. Nilitia sukari kidogo. Egidio alikula nusu, akaweka kijiko chini, akalisukuma bakuli lake mpaka kwangu. Nililimaliza langu. Kisha nikala na lake.